Maktaba Zisizo na Mwenyewe

Google iliweka Novemba 1, 2025 kuwa siku ya kuanza kudai kwamba programu mpya za Android, pamoja na masasisho ya zile za zamani, ziweze kufanya kazi kwenye simu zinazogawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 16. Aliyeandika programu yake yote kwa Java au Kotlin alilisoma tangazo hilo akapita. Aliyekuwa na maktaba za C au C++ ndani yake ilimbidi ajifunge kibwebwe. Mimi ni wa kundi hilo la pili. Natunza programu ya kupokelea maziwa ya chama kimoja cha ushirika upande wa Molo, na ndani yake mna faili za .so ambazo baadhi yake zimekuwamo tangu Nakuru haijawa jiji.

Kwa asiye wa kazi hii, programu ya Android inaweza kuwa na msimbo wa aina mbili. Wa kwanza ni wa Java na Kotlin, ambao simu yenyewe huutafsiri, kwa hivyo haujali prosesa iliyomo imetoka kiwanda gani. Wa pili umeandikwa kwa C au C++ na kugeuzwa kuwa amri za prosesa ya aina fulani kabla haujamfikia mtumiaji. Huo hukaa kwenye folda inayoitwa lib, na humo kila familia ya prosesa ina folda yake ndogo: armeabi-v7a ya ARM za biti 32, arm64-v8a ya zile za biti 64, x86 ya Intel. Google iliruhusu jambo hili mwaka 2009 ilipotoa NDK, yaani zana za kujengea maktaba hizo. Unapata kasi, unafikia vifaa ambavyo Java haivifikii, na unaitumia kazi ambayo wengine waliiandika kwa C miaka mingi kabla ya simu hizi. Kinachotozwa baadaye hakiandikwi popote.

Nilipozipitisha faili zangu kwenye zana ya kuzikagua, kila moja ilitoa mistari yenye nambari ya mpangilio. Zilizo sawa zilionyesha 2**14, ambayo ni baiti 16,384. Zenye shida zilionyesha 2**12, baiti 4,096, ukubwa wa ukurasa uliozoeleka kwenye Android miaka yote hii. Ukurasa mkubwa huipunguzia simu kazi ya kuhesabu vipande vya kumbukumbu, na programu hufunguka upesi zaidi, lakini maktaba iliyopangwa kwa kipimo cha zamani haipakiki kwenye simu ya kipimo kipya. Dawa yake ni kuijenga upya. Na kuijenga upya kunahitaji msimbo wake wa asili, au mtu aliye nao ambaye bado anashika simu ukimpigia. Hapo ndipo nilipojikuta nikikumbuka jinsi kila faili ilivyoingia.

Wengi wa rika langu hapa Nakuru tuliishika Android kwa mara ya kwanza kupitia Huawei IDEOS, ambayo Safaricom iliiuza kwa takriban Sh8,000. Skrini yake ilikuwa ya inchi 2.8, prosesa yake ARMv6 ya megahezi 528. Leo mtu akiambiwa vipimo hivyo hucheka. Wakati ule tulikusanyika watano kwenye benchi moja kuitazama ikifungua ramani, na tulipotawanyika kila mmoja alikuwa na wazo la programu atakayoiandika. Langu lilikuwa la maziwa, kwa sababu nyumbani tulikuwa tukipeleka maziwa na kila mwisho wa mwezi palikuwa na ugomvi. Karani huandika kilo kwenye daftari lake na kwenye kadi ya mkulima, na vitabu viwili haviafikiani.

Chama kilipokubali kujaribu, kilinunua vifaa vya mkononi kutoka China vyenye printa ndogo ya karatasi ya joto upande wa juu. Printa hiyo imeungwa ndani kwa mlango wa siriali. Sasa, Java ya Android inaweza kufungua faili ya kifaa ikaandika humo, lakini haina njia ya kuuambia mlango huo uende kwa kasi gani, na printa isipojua kasi hutapika herufi za ajabu. Kwa hivyo kifaa kililetwa pamoja na faili iitwayo libserial_port.so. Ukiifuatilia utakuta ni mradi wa wazi ambao watengenezaji wengi wa vifaa hivi wameunakili, na msimbo wake wa C ni mfupi kiasi kwamba unausoma chai ikiwa bado moto.

Ndani ya faili hiyo kuna kitu kinachoonyesha vizuri maktaba hizi zinavyokushika. Jina la kila kazi ya C limefungwa na anwani ya kifurushi cha Java kinachoiita: Java_android_1serialport_1api_SerialPort_open. Ukilihamisha darasa la SerialPort kwenye kifurushi chako mwenyewe ili programu ionekane nadhifu, simu hulitafuta jina jipya ndani ya faili, haiioni kazi inayoitafuta, na programu hufa papo hapo na ujumbe wa UnsatisfiedLinkError. Ndiyo maana hadi leo, katikati ya programu ya maziwa ya Molo, kuna folda yenye jina la mradi wa mtu mwingine, na juu yake nimeandika onyo kwa yeyote atakayenirithi: usiguse.

Kituo cha kwanza kilikuwa kando ya barabara juu ya Elburgon. Saa kumi na mbili asubuhi karani ameshaning'iniza mizani, laktomita iko kwenye ndoo, mitungi imepangwa foleni na wenye mitungi wamejifunga mashuka kwa baridi. Kifaa kilipotoa risiti ya kwanza, mama mmoja aliishika akasoma jina lake, kilo na saa, akaikunja akaitia kwenye leso. Wiki chache baadaye alinijia.

"Kijana wangu, hii karatasi yako inafutika kabla mwezi haujaisha."

Alikuwa amesema kweli. Karatasi ya joto haivumilii jua wala jasho, na hakuna msimbo unaoweza kulitibu hilo. Tuliongeza ujumbe mfupi wa simu kwa kila mpokeo. Lakini printa ilibaki, kwa sababu watu walitaka kitu cha kushika wakiwa bado mbele ya mizani, na kwa printa hiyo C haikuwa anasa. Hapakuwa na njia nyingine. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mpaka leo: je, kuna njia nyingine? Kama ipo, hata ikiwa ya polepole kidogo, naifuata hiyo.

Januari 2013 Safaricom na Intel walizindua Yolo, simu ya Sh10,999 yenye prosesa ya Intel Atom badala ya ARM. Kwa mtumiaji haikuwa na tofauti yoyote. Kwa sisi tulioweka faili za .so ilikuwa dunia nyingine. Intel walijua programu nyingi zilikuwa na maktaba za ARM peke yake, kwa hivyo simu zao zilikuwa na mtafsiri ndani wa kuzigeuza amri za ARM kuwa za Intel wakati programu inakwenda. Mambo yaliendelea, ingawa kwa mwendo wa kobe.

Mwaka uliofuata, afisa mmoja wa nyanjani alinijia mjini na simu ya aina hiyo. "Injinia, imekataa," akasema, akaiweka mezani. Na kweli, programu ilikuwa ikifunguka na kujifunga. Ajabu ni kwamba toleo la awali lilikuwa likienda vizuri kwenye simu iyo hiyo. Kilichobadilika ni kwamba tulikuwa tumeongeza SQLCipher, maktaba ya kuifunga kwa siri hifadhidata ya SQLite, na yenyewe ilikuja ikiwa imekamilika, na folda ya ARM na folda ya x86. Maktaba nyingine, tuliyopewa na muuzaji wa vifaa, ilikuwa na ya ARM tu. Android inaposakinisha huangalia: je, programu hii ina folda ya prosesa yangu? Ikiipata, huchukua vilivyomo humo na kuviacha vingine vyote. Simu iliiona x86 ya SQLCipher, ikafurahi, ikaiacha ARM yote, na maktaba ya muuzaji haikuingia kabisa. Kabla ya hapo hapakuwa na x86 hata moja, kwa hivyo mtafsiri alishika kazi. Yaani maktaba iliyotengenezwa vizuri ndiyo iliyoifichua ile iliyotengenezwa nusu. Niliifuta folda ya x86 na simu ya afisa ikapona, kwa kurudi kwenye mwendo wa kobe.

Tangu siku hiyo niliacha kuziamini simu zilizokuwa mezani kwangu. Majira yale yale hapa Nakuru palikuwa na watu waliolijua hilo kuliko mimi. Kati ya Desemba 2013 na Machi 2014, daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake waliijaribu Peek Acuity, programu ya kupima uwezo wa kuona, kwa wazee waliokuwa kwenye utafiti wa muda mrefu wa magonjwa ya macho wa Nakuru. Hawakutosheka na kliniki. Waliipeleka majumbani, kwenye mwanga wa nyumba za watu, na kulinganisha matokeo na chati za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la JAMA Ophthalmology. Nilipoyasoma kilichonigusa hakikuwa teknolojia yenyewe. Niliona kwamba mtu anaweza kupima programu mahali itakapotumika, na hilo likahesabiwa kuwa sayansi.

Mimi nami nikaanza kubeba daftari. Kila kituo, niliandika simu za makarani na maafisa: jina, toleo la Android, prosesa, nafasi iliyobaki. Orodha ilinifundisha kuliko kozi yoyote. Simu moja ilikuwa na nafasi kidogo mno ya kuhifadhi, nyingine ilirithiwa kutoka kwa mtoto aliyeenda Nairobi, nyingine ilikuwa imebadilishwa mfumo na fundi wa Kenyatta Avenue na hakuna aliyejua ndani mna nini.

Kisha ikaja habari ya alama za vidole. Halmashauri ya chama ilikuwa na shaka kwamba kuna wakulima hewa wanaolipwa, na mwenyekiti alikuwa ameona mahali kifaa cha kidole. Kilinunuliwa. Maktaba yake ilikuwa imefungwa, bila msimbo wa asili, ARM ya biti 32, na mkataba wake haukusema lolote juu ya kesho. Nilisema wazi mkutanoni kwamba sijaipenda, ikaandikwa kwenye kumbukumbu, tukaendelea. Shida ya kwanza haikuwa ya prosesa hata kidogo. Vidole vya mtu aliyechimba viazi na kukamua ng'ombe miaka arobaini vimesuguliwa mpaka mistari yake haisomeki. Mzee huweka kidole, kifaa kinakataa, anakipangusa kwenye koti, kinakataa tena, na nyuma yake foleni inanung'unika huku maziwa yanangoja. Makarani wakajipa desturi ya kuweka kidole chao wenyewe. Wakulima hewa, kama walikuwapo, walistarehe.

Shida ya pili ilikuwa ya prosesa. Google ilikuwa imetangaza tangu Desemba 2017 kwamba kuanzia Agosti 1, 2019 programu zenye maktaba za C zitatakiwa ziwe na toleo la biti 64 pia. SQLCipher ilikuwa tayari. Nilibadilisha nambari ya toleo tu. Ile ya siriali niliijenga upya. Ya kidole nilimwandikia muuzaji, barua pepe ikarudi. Tovuti yake haikuwapo. Nambari ya simu ilipokelewa na mtu aliyekuwa akiuza kitu kingine kabisa.

Tukatoka kwenye duka la Google. Programu ikawa inasambazwa kwa kadi ya kumbukumbu na kwa WhatsApp, na kila simu mpya ilipoipokea ilionya kwamba huenda ni hatari. Karani mmoja wa upande wa Turi aliifuta kwa sababu ya onyo hilo, na sikumlaumu. Tumekuwa tukiwaambia watu wasisakinishe vitu vya WhatsApp. Maktaba moja ya kusoma kidole, ambayo kazi yake ilikuwa inafanywa na vidole vya makarani, ilitufukuza sokoni.

Siku hizi hualikwa mara mojamoja kuzungumza na wanafunzi wa kompyuta, upande wa Njoro na hapa mjini. Wengi wanaandika kwa Flutter, na nikiwauliza nani anatumia maktaba za C hakuna mkono unaonyoshwa. Huwa namwomba mmoja aifungue faili ya APK yake palepale, kwa kuwa ni faili ya zip tu. Ndani ya lib wanakuta libflutter.so na libapp.so, mara tatu, kwa kila familia ya prosesa. Injini ya Flutter ni C++, na msimbo wao wa Dart umegeuzwa kuwa amri za prosesa. Sioni ubaya wowote hapo, na maktaba hizo zina mwenyewe, Google, ambaye akibadilisha sheria ya kurasa huzibadilisha pia. Lakini inafaa mtu ajue amebeba nini. Septemba 2023 kulipatikana tundu la usalama kwenye libwebp, maktaba ya C ya kufungulia picha, na programu nyingi zilizokuwa na nakala yake zikalazimika kusasishwa. Asiyejua anayo hakuwa na la kusasisha.

Kijana mmoja katika kikao kimoja cha aina hiyo alikuwa na kisa ambacho sijakisahau. Programu yake ya bei za mazao ilikuwa ikifanya kazi kwenye simu yake na kufa kwenye simu ya shangazi yake Bahati. Alidhani ni kosa la msimbo. Ilibainika kwamba shangazi hakuipakua kutoka dukani. Alirushiwa kwa Xender na jirani ili kuokoa bando. Tangu Agosti 2021 programu mpya hupelekwa kwenye duka la Google kwa mtindo wa kifurushi kinachogawanywa, kila simu ikipewa tu maktaba za prosesa yake, katika faili ndogo kando na ile kuu. Ni mpango mzuri, unapunguza data. Jirani alirusha ile faili kuu peke yake, na maktaba zikabaki kwenye simu yake. Waliobuni mpango huo waliwaza kwamba kila mtu hupakua kutoka dukani. Huku kwetu programu hupita mkono kwa mkono kwenye matatu, na atakayewaandikia watu wa huku inabidi awe na APK moja nzima, hata ikiwa nzito, na mahali pa kuiweka.

Wanafunzi hao hunitazama kama mtu anayezichukia maktaba hizi. Sivyo. Nawaonyesha Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State na taasisi ya IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo nayo inakuambia kwa Kiswahili ugonjwa inaoushuku, bila intaneti. Na mwaka 2018, kwa kushirikiana na FAO, ilifundishwa kutambua uharibifu wa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Hesabu hizo zote hufanywa na TensorFlow Lite, ambayo ndani ni C++. Jaribu kuziandika kwa Java tupu, mkulima atachoka kushika simu. Na ukizipeleka kwenye seva, umemtaka awe na mtandao katikati ya shamba lililo bondeni Subukia. Hapo C++ imefanya kitu ambacho mkulima anakiona, na msimbo wake uko wazi kwa anayeutaka.

Basi hivi karibuni nilikaa na faili zangu. Ya siriali niliijenga kwa NDK r28, ambayo hupanga kwa kilobaiti 16 yenyewe bila kuombwa, na printa ikatoa risiti mchana uleule. SQLCipher, kama kawaida, nambari ya toleo. Ya kidole niliitoa pamoja na kifaa chake, na halmashauri ikakubali malipo yaende kwa nambari ya M-Pesa iliyosajiliwa, mkulima akithibitisha mwenyewe kila mwezi. Programu inaweza kurudi dukani.

Kwenye mkutano mweka hazina, mama aliyefundisha hesabu shule ya msingi kabla ya kustaafu, alisoma ankara yangu mara mbili.

"Kwa hivyo unataka tukulipe ili programu ibaki vile ilivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mwaka kesho?"

Nilimwambia inategemea watakachonunua. Walikuwa wameletewa bei ya mizani mpya ya Bluetooth, na muuzaji alikuwa ameniachia kijiti cha USB chenye maktaba yake. Nilikifungua mbele yao: faili moja ya .so, biti 64, hakuna msimbo wa asili, mpangilio 2**12. Mwenyekiti hakuelewa nambari, ila aliuliza swali lililonifurahisha: huyu muuzaji akifunga duka, nani atakuwa na hiyo kitu? Tukaandika barua kumwomba ama atoe msimbo, ama aukabidhi kwa wakili wa chama, ama atueleze mizani inazungumza vipi ili niiandike mwenyewe kwa Kotlin, maana Bluetooth haihitaji C. Hajajibu. Chama bado kinatumia mizani ya kuning'iniza, karani anaandika kilo kwa kidole chake kwenye skrini, na mweka hazina amesema hatatia saini ya ununuzi mpaka barua ijibiwe.